Mkono Uliobaki Juu

Tarehe 9 Februari

Kwa mpwa wangu, mtoa ganzi wa hospitali kuu,

Salamu zitangulie, maneno yafuate. Hujambo? Mama yako, yaani dada yangu, hajambo na kelele zake? Wagonjwa wako wanaamka wote, au wapo wanaopenda huko huko? Mimi mzima wa afya, ila mkono. Mkono nao mzima, ila mwenyewe.

Usicheke mwandiko. Mkono wa kulia umening'inia shingoni kwenye kitambaa, naandika kwa wa kushoto, ambao miaka hamsini na nane kazi yake ilikuwa kushika kikombe. Hata hivyo ukiuweka karibu na mwandiko wa daktari wako wa upasuaji, wangu una shule zaidi. Na mimi shule niliishia darasa la sita, mwalimu alipogundua kwamba hapo darasani tumekuwa walimu wawili. Simu usipige. Ilitumbukia kwenye beseni la wanga pale kazini. Imekauka, imenyooka, inapendeza, haisemi.

Mwanangu, mimi nimepiga pasi katika hoteli nne na meli mbili. Nimenyoosha suruali za mabalozi, za majaji, na za mwimbaji mmoja ambaye simtaji kwa sababu ya hali niliyoikuta suruali. Nimepiga pasi bahari imechafuka, meli inalala upande, na shati halikuungua. Halafu nije kuangushwa na kipande cha sabuni na kuvunjika mkono kama bibi harusi aliyekanyaga gauni. Dunia haina adabu.

Lakini nilikuja kukushukuru, si kulalamika. Nusu kaputi nilishapigwa zamani kule melini, nikaamka namwita mwanamke ambaye si mke wangu, na mke wangu alikuwa amesimama pale. Kwa hiyo uliposema, "Mjomba, nitakuchoma kwapani tu, utakuwa macho," nilikupenda upya. Ukanilaza, ukaniinua mkono ukaukunja karibu na kichwa, kama mtoto darasani anayejua jibu. Ukasema, "Ganzi peke yake itakaa saa sita, saba. Nikichanganya na dawa ya nyongeza kidogo itakaa mpaka kesho jioni, utapumzika. Ila mkono utakuwa mzigo, lazima uulinde wewe." Nikakwambia weka yote, mimi si mtu wa nusu chupa.

Hapo ndipo pana jambo nataka kukuuliza. Mliponiwekea lile pazia la kijani nilikuomba unishushie mkono, umechoka kukaa juu. Ukasema, "Mjomba, mkono uko chini zamani, daktari yuko kazini." Nikachungulia. Kweli, mkono wangu uko pale mezani, umefunguliwa, unapigwa skrubu kama bawaba ya mlango. Na mwingine, ule ninaouhisi mimi, uko juu, karibu na sikio, kiganja wazi. Nikawahesabia wauguzi: mikono mitatu. Walicheka.

Ganzi ilitoka siku ya pili jioni, kama ulivyosema. Maumivu yalikuja kistaarabu, yalibisha hodi. Kidole cha mwisho kina kidonda kidogo kwa upande, nimekipaka dawa, si kitu.

Swali langu ni hili. Ule mkono wa juu haukuondoka na ganzi. Upo hata sasa ninapoandika. Mliutoa wapi, na nani anakuja kuuchukua?

Mimi mjomba wako,
Bingwa wa Pasi


Tarehe 24 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama baada ya kliniki ya Alhamisi na kwamba homa imeshuka. Mama anakusalimia, anauliza nani anakupikia. Mimi sijambo kwa mwili.

Bandeji ilipofunguliwa nilikuwa nyuma ya daktari wa upasuaji. Umeandika kidonda kidogo. Mjomba, kidole kidogo kilikuwa cheusi mpaka kwenye kiungo, na ngozi ya ukingo wa kiganja imekufa. Daktari alikuuliza imeanzaje, ukasema imejitokea yenyewe. Akageuka akanitazama mimi. Nimefanya naye kazi miaka sita, sijawahi kuona akinitazama hivyo.

Sasa limeundwa jopo la watu watano. Wanadhani dawa niliyochanganya na ganzi ilibana mishipa ya damu, kidole kikakosa damu kikafa. Mimi vipimo vyangu navijua. Nimelisoma faili lako mpaka karatasi imelainika, na sioni kosa. Lakini kidole kimekufa, na kidole hakifi bure.

Kwa hiyo nakuomba ukumbuke vizuri. Ulitoka hospitali saa moja asubuhi, ganzi bado nzito. Ulikwenda wapi? Uliulalia mkono kwenye basi? Ulikaa karibu na jiko, chupa ya chai, maji ya moto? Mkono wenye ganzi hauna mlinzi. Ukigongwa au ukiungua hausemi. Ndiyo maana nilikupa ile karatasi ya maonyo. Ulinichekesha, ukaniambia, "Mtu wa pasi unamfundisha moto?" Sasa kila nikikumbuka sicheki.

Kuhusu mkono wa juu, usiogope. Ubongo ukikosa habari za mkono hushikilia habari ya mwisho. Kabla ganzi haijakolea nilikuwa nimekuinua mkono, basi kwa ubongo uko huko huko. Wengi wanauhisi. Ganzi ikitoka, unashuka. Wako kubaki wiki tatu sijawahi kulisoma mahali popote.

Jopo linahitaji maelezo yako kwa maandishi, yenye sahihi. Andika lililotokea, hata kama ni dogo, hata kama unaona aibu. Sitakuhukumu.

Mpwa wako


Tarehe 6 Machi

Mpwa wangu kipenzi,

Nakusalimu kwa mkono wa kushoto, ambao sasa umepata cheo. Hujambo wewe? Umekula? Sauti ya barua yako ni ya mtu mwenye njaa. Mimi naendelea vyema. Kipande cha kidole walikikata Jumatatu na sikukilaumu. Kilikuwa hakina kazi ila kuchokoa sikio, na sikio hilo ninalo jingine.

Maelezo nimeyaandika, yako kwenye bahasha hii, yana sahihi na muhuri wa kidole gumba kwa kuongezea. Nilitoka hospitali, nikapanda basi, nikaenda nyumbani moja kwa moja, nikalala kama mzigo wa nguo. Sikugusa kitu cha moto. Mimi moto nimeishi nao ndoa ya miaka thelathini na moja, haujanipiga hata kofi.

Waambie hao watano kwamba dawa ilikuwa kali na wewe hukujua. Ilinipenda kupita kiasi, basi. Mtu hafungwi kwa mapenzi. Na kama wana maswali waje kwangu, nimekabiliana na manahodha, nitashindwa na watu wanaovaa viatu vya mpira?

Nimerudi kazini, kazi nyepesi, nahesabu foronya. Chumba chetu cha pasi unakikumbuka, chini ya jiko la hoteli, hakina dirisha, mabomba yamevikwa matambara kama wagonjwa. Kuna jambo dogo. Mvuke ukifunguliwa asubuhi, ule mkono wa juu unakuwa mzito. Hausogei, upo palepale sikioni, lakini unakuwa mzito kama umeshika kitu. Juzi nilikaa chini katikati ya kuhesabu. Na Mama Shuka, yule mkunja mashuka mwenye roho nzuri, haniangalii tena usoni. Watu wakizeeka wanakuwa na visirani.

Usiwaze sana. Kula.

Mjomba wako,
Bingwa, pungufu ya nukta moja


Tarehe 28 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya cha karibu miezi mitatu. Hujambo? Kidonda kimefunga? Mama anakusalimia, amekufumia soksi ya mkono, ina vidole vinne na nusu. Alilia akiifuma halafu akacheka.

Maelezo yako yalipokelewa, na kwa sababu hukugusa kitu cha moto, lawama imebaki kwenye dawa. Tangu Aprili hospitali nzima imekatazwa kuchanganya. Mtu anachomwa ganzi tupu. Mimi nimetolewa chumba cha upasuaji, nimewekwa dirishani kuandikisha majina, ila wakipungukiwa na watu wananiita.

Wiki iliyopita waliniita. Alikuwa mwoka mikate, mama wa makamo, mkono ulivutwa na mashine ya kukandia unga, mifupa yote miwili. Alikuwa mcheshi, angekupenda. Akaniuliza kama kuna dawa ya kukaa mpaka kesho, jirani yake alichomwa hiyo mwaka jana akashinda anakunywa chai. Nikamwambia haipo. Ipo, mjomba. Ilikuwa kabatini nyuma yangu, chupa ndogo yenye kifuniko cha bluu. Saa kumi alasiri ganzi yake ikatoka yote kwa mpigo, kama taa inapozimwa. Vidonge havikufua dafu. Nilikaa naye. Alinishika gauni akaniita kwa jina la mama yake, na mimi nikaitika, kwa sababu sikuwa na kingine cha kumpa.

Sasa kila ninapoinua mkono wa mtu ili nimsafishe kwapa, mkono ninaouona ni wako. Naona kidole cheusi kabla sijachoma. Jana muuguzi alinishika kiwiko taratibu, akanipokonya sindano, akafanya kana kwamba ni yeye aliyetaka kuishika.

Nimeandika barua ya kuacha kazi. Nitaikabidhi mwisho wa Juni. Kuna duka la vitambaa karibu na kwa mama wanataka mtu wa kupima mita.

Sikuandika ili unionee huruma. Nimeandika kwa sababu tangu Februari sijakwambia neno moja la lazima. Ulilala mezani ukaniamini, ukaniambia niweke yote, na nilichokuwekea kimekula kidole chako. Nisamehe, mjomba. Ukiweza, niandikie kwamba umenisamehe. Nitalibeba hilo neno nikiondoka.

Mpwa wako


Tarehe 5 Juni

Mpwa wangu,

Hujambo? Sisi huku hatujambo, mvua kidogo, mashuka hayakauki.

Nimekusamehe, mwanangu. Moyo wangu ni mkubwa, unajua, una vyumba kama hoteli. Usiendelee kujitesa kwa ajili ya kidole cha mzee. Na duka la vitambaa si kazi mbaya. Nitakufundisha kutambua pamba ya kweli kwa kuigusa.

Soksi imenitosha.

Mjomba wako


Tarehe 17 Juni

Mwanangu,

Salamu nitakupa, ila usiziitikie mpaka umalize kusoma. Ile barua ya tarehe tano ukiipata ichome.

Nilipoitumbukiza kwenye sanduku la posta na kugeuka, ule mkono wa juu ulisogea. Miezi minne umekaa palepale sikioni bila kutikisika. Siku ile ulikunjua vidole, kimoja kimoja, na cha mwisho kilikuwepo, kizima, na kilikuwa kinaungua. Nilisimama barabarani nikashika hewa. Watu wakanipisha. Tangu hapo kinaungua kila siku, kuanzia saa nne asubuhi mpaka kama saa sita, kidole ambacho kiliishia kwenye ndoo yenu. Maumivu uliyonizuilia siku ile sasa nayapata, mwanangu, na yana saa zake.

Sasa sikiliza. Uliponitoa hospitali sikwenda nyumbani. Basi liliponishusha miguu ilikwenda kazini. Sikufuata kazi. Nilifuata watazamaji.

Chumbani walikuwa wawili: Mama Shuka, na yule mtunza boila tunayemwita Mvuke. Niliingia kama mfalme. Nikawaambia, "Njooni mwone mkono usio na mwenyewe." Mvuke akachukua kibanio cha nguo akanibana ngozi. Sikusikia kitu. Akabana cha pili, cha tatu, mpaka mkono ukawa kama kamba ya nguo. Akasema, "Mzee, ukifa tutajuaje?" Nikamwambia, "Mtajua nikinyamaza." Mama Shuka akakataa kunigusa. Akasema, "Kitu cha mtu hakichezewi, hata mwenyewe akikitoa."

Nikautoa kwenye kitambaa nikaulaza juu ya meza ya kukunjia. Meza ile imesukumwa ikagusana na ile mashine kubwa ya pasi, ile yenye mdomo, na sahani ya chini ya mashine inakaa moto kutwa. Mguu mmoja wa meza ni mfupi. Miaka yote tunauwekea kadibodi. Siku ile mtu wa usafi alikuwa ameiondoa, meza imeinamia mashine.

Nikaanza hadithi ya balozi na suruali yake. Unaijua, ni ndefu. Mvuke alikuwa anacheka mpaka anashika bomba. Na mimi mkono wangu ulikuwa nao, mwanangu. Uko juu, karibu na sikio, wazi, salama. Ningeapa mbele ya hao watano wako. Yule wa chini sikuwa na habari naye.

Nimefika pale balozi anapofungua mlango, nikasikia harufu. Pua yangu unaijua, inatofautisha pamba na poliesta kabla moshi haujatoka. Nikasema, "Mama Shuka, unaunguza."

Akasema, "Mimi sina kitu kwenye mashine."

Nikamwambia, "Dada, miaka thelathini na moja niko kwenye kazi hii. Kuna kitu kinaungua, na si pamba. Inanuka manyoya, hiyo ni sufu. Nani kaleta sufu humu?"

Nilikuwa najisifu, unaona. Nilikuwa natafuta sifa kwa harufu yangu mwenyewe. Mvuke akainama kutafuta sufu chini ya meza. Mama Shuka hakuinama. Alikuja upande wangu, akanishika mkono juu ya kiwiko kwa mikono yake miwili, akaunyanyua kama mtu anayenyanyua mtoto aliyelala, ukatoa sauti ya kubanduka, akaketi akauweka mapajani mwake. Akasema taratibu, "Sufu ni wewe."

Nilitazama. Nilikuwa bado nauhisi mkono wangu uko juu.

Kidole na ukingo wa kiganja, kila kilichotokeza nje ya bandeji. Kama ingekuwa shati ningesema limeharibika. Tuliuosha kwa maji baridi. Mvuke akasema msimamizi ametangaza, mtu aliye likizo ya ugonjwa asikanyage chumba cha mvuke, na akigundua ulikuja tunafukuzwa wote. Tukakubaliana tusiseme. Nikaenda nyumbani, nikapaka siagi ya mafundi, ile tunayopaka tukiungua pasi, nikafunga kitambaa, nikangoja ganzi itoke. Na ilipotoka nilikuwa nimeshatunga maneno.

Nilitaka kukwambia kwamba nilinyamaza kwa ajili yao. Nimeiandika sentensi hiyo mara mbili na kuikata mara mbili. Mama Shuka alinifuata wiki ile ile. Alisema, "Sema. Mimi nitapata kazi kwingine, mtoto wa dada yako hatapata jina kwingine." Nilimwambia asiingilie mambo ya familia. Ndiyo maana haniangalii. Nilinyamaza kwa sababu nisingeweza kuvumilia kusikika mjini kwamba Bingwa wa Pasi alijipiga pasi mwenyewe akisimulia suruali ya mtu. Ndicho kitu hicho tu. Nimekitafutia kingine kikubwa zaidi, hakipo.

Ulipoandika habari za yule mwoka mikate niliifunga barua. Nilipoifungua tena niliruka kipande hicho nikaenda kwenye neno nisamehe, nikakusamehe. Mtu mzima, na akili zake. Nimeshafanya mambo katika dunia hii, mengine hata dada yangu hayajui, lakini hilo la kukusamehe wewe sijui nitaliweka wapi.

Jana nilimwambia msimamizi. Ameniambia nisirudi, na nikamwomba Mama Shuka na Mvuke wabaki, nikasema niliwadanganya kwamba daktari ameniruhusu. Huo ndio uongo wangu wa mwisho, na ninausimamia. Nakala ya barua hii nimeipeleka kwa jopo, yote, pamoja na sufu. Sahihi nimeweka kwa mkono wa kulia. Imepinda lakini ni yangu.

Usikabidhi ile barua ya kuacha kazi. Kama umeshaikabidhi, nenda kaiombe.

Siombi unisamehe. Neno hilo nimelitumia vibaya mwezi huu.

Mjomba wako


Tarehe 20 Julai

Mjomba,

Barua yako ilisomwa Jumanne mbele ya watu watano, nami nimesimama karibu na mlango. Daktari mkuu aliisoma kwa sauti. Alipofika kwenye sufu akanywa maji, akaendelea. Hakuna aliyecheka, ingawa najua uliandika vizuri.

Dawa ya nyongeza imeruhusiwa tena. Nimerudi chumba cha upasuaji namba mbili. Mgonjwa wa kwanza alikuwa fundi kufuli, kiganja kimechanwa na bati. Nilipovuta dawa ya pili kwenye sindano nilikiona tena kidole chako cheusi, nikakiacha kiwepo, kisha nikamchoma. Kesho yake mchana alikuwa bado anachezea vidole vyake kwa mkono wa pili, anavishangaa kama vya jirani.

Kosa langu lilikuwepo, na nimeliandikia jopo. Nilimwacha mtu mwenye mkono uliolala apande basi peke yake, kwa sababu alikuwa mjomba wangu na alikuwa ananichekesha. Sasa hakuna anayetoka bila mwenzake, na karatasi ya maonyo tunaisoma kwa sauti mbele ya huyo mwenzake mpaka airudie.

Mwoka mikate nilimtafuta. Nilimwandikia ukweli, kwamba dawa ilikuwepo kabatini na kwa nini hakupewa. Hajajibu. Simlaumu.

Kidole chako kinachoungua si ganzi. Ganzi yangu ilitoka mwilini mwako siku ya pili, na hilo sitalibeba tena. Yupo daktari wa mishipa ya fahamu anayekuja hapa Jumatatu, anawasaidia watu wanaoumwa na viungo wasivyonavyo. Rufaa yako iko ndani ya bahasha. Usije peke yako. Mwombe Mama Shuka akusindikize, kama atakubali.

Ile barua ya tarehe tano Juni sikuichoma. Ilifika kabla ya nyingine. Niliisoma, nikalia, nikampelekea mama akaisoma, tukakushukuru sote wawili, na siku kumi nzima niliitembeza mfukoni mwa koti la kazi. Siwezi kukaa nayo na siwezi kuichoma. Nakurudishia, iko nyuma ya rufaa.

Mama anakusalimia. Siku nikiweza, nitakuandikia shikamoo.

Mpwa wako